Kiwiko cha Tenisi: Maswali na Majibu kwa Watahiniwa wa Utabibu, Uuguzi na Fiziotherapia

Mada hii huonekana ndogo, na ndiyo maana watahiniwa wengi huipitia juu juu. Wagonjwa wake ni wengi, uchunguzi wake hauhitaji mashine, na matibabu yake yana mtego mmoja mkubwa ambao watahini wanaupenda. Mtego huo uko kwenye Swali la 10. Soma yote, lakini hapo tua.

Swali la 1. Kiwiko cha tenisi ni nini? (Alama 2)

Ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yanayotokana na kuchakaa kwa kano za misuli inayoinua kiganja, pale kano hizo zinapojishikiza kwenye kinundu cha nje cha humerasi, yaani mfupa wa mkono wa juu. Alama moja ni ya mahali, nyingine ni ya kano. Mtahiniwa anayeandika "ugonjwa wa kiungo cha kiwiko" hapati kitu, kwa sababu kiungo chenyewe ni kizima. Kiwiko hujikunja na kujinyoosha kama kawaida, wala hakivimbi.

Swali la 2. Kano ipi huumia zaidi, na kwa nini hiyo? (Alama 4)

Ni ya msuli uitwao ekstensa kapi radialisi brevisi. Msuli huu unaanzia kwenye kinundu cha nje cha humerasi, unashuka kwenye kigasha na kuishia kwenye shina la mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha kati.

Laza mkono wako mezani, kiganja kikitazama chini, kisha kamata kalamu kwa nguvu huku mkono mwingine umeshika kigasha karibu na kiwiko. Utasikia msuli ukikakamaa, ingawa hukuinua kiganja hata kidogo. Hapo ndipo penye jibu. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli ya kukunja vidole huvuta kifundo cha mkono kiiname, na huu msuli wa nyuma hulazimika kukizuia kisiiname. Kwa hiyo haufanyi kazi wakati wa kuinua tu. Unafanya kazi katika kila mkamato: wa nyundo, wa mwiko, wa ndoo, wa bisibisi. Mzigo unakuwa mzito zaidi kiwiko kikiwa kimenyooka. Ongeza kwamba kano yake hupita juu ya kichwa cha mfupa wa redio na kusuguliwa hapo, na kwamba upande wake wa ndani hupata damu kidogo. Ukiandika mkamato, msuguano na uhaba wa damu, alama zote nne ni zako.

Swali la 3. Je, ni ugonjwa wa wachezaji tenisi? (Alama 3)

Jina lilitoka kwao, ila wagonjwa walio wengi hawajawahi kushika raketi. Mjerumani Runge aliandika kuhusu maumivu haya mwaka 1873, na alikuwa akizungumzia watu wanaoandika kwa mkono. Mwaka 1882 Henry Morris, daktari wa Uingereza, aliyahusisha na tenisi ya kwenye nyasi, mchezo uliokuwa umeanza kupendwa nchini mwake, na jina likashika.

Wachezaji nao wanaumia kweli, hasa wanaopiga mpira wa upande wa nyuma kwa mkono mmoja huku kifundo kimeinama. Raketi nzito na nyuzi zilizokazwa sana huongeza mzigo. Hata nje ya tenisi, mwanakriketi Sachin Tendulkar wa India alisumbuliwa na kiwiko hiki hadi akafanyiwa upasuaji mwaka 2005.

Kwetu, mtafute mgonjwa huyu kwa fundi uashi anayepiga plasta, seremala wa randa na bisibisi, mama lishe anayesonga ugali wa sufuria kubwa, dobi anayekamua mashuka, fundi magari, mchinjaji, mkamuaji wa maziwa na karani anayekaa na kipanya cha kompyuta kutwa nzima. Umri wake mara nyingi ni kati ya miaka 35 na 55. Wanaume na wanawake huupata karibu sawa, na mkono unaotumika zaidi ndio huumia zaidi. Katika tafiti za nchi mbalimbali, mtu mzima 1 hadi 3 kati ya 100 huupata kwa mwaka. Uvutaji wa sigara huongeza hatari.

Swali la 4. Vitabu vya zamani vinauita inflamesheni. Sahihi au si sahihi? Eleza. (Alama 3)

Si sahihi kwa ugonjwa uliokwisha kukaa. Mwaka 1979 Nirschl na Pettrone walichapisha matokeo ya kano walizozikata wakati wa upasuaji. Chini ya hadubini hawakukuta jeshi la chembe za inflamesheni. Walikuta nyuzi za kolajeni zilizovurugika, chembe nyingi za kutengeneza nyuzi, na vimishipa vipya vya damu vilivyoota ovyo. Hiyo ni kano iliyojaribu kujikarabati ikashindwa kumaliza.

Usilijibu swali hili kama historia tu, kwani ndilo linaloamua tiba. Kama tatizo ni kano dhaifu isiyokamilisha ukarabati, dawa ya kuzima inflamesheni haiwezi kuwa jibu lenyewe. Kano inahitaji mzigo wa kiasi, unaopanda polepole, ili nyuzi zake zijipange upya kufuata mvuto.

Swali la 5. Utamwuliza nini mgonjwa? (Alama 5)

Anza na kazi. "Pole, mama. Mkono huu ndio unaosongea ugali?" Swali kama hilo litakupa zaidi ya dakika kumi za kubonyeza. Uliza kazi yake, saa anazofanya, na kama kuna kilichobadilika wiki za karibuni: tenda mpya ya ujenzi, chombo kipya, harusi iliyopikiwa siku tatu mfululizo. Wagonjwa wengi hawana ajali ya kuisimulia. Watakwambia maumivu yalianza kidogo kidogo.

Dalili zenyewe ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yanayoshuka kwenye kigasha, yanayozidi wakati wa kushika, kukamua nguo, kufungua kitasa, kumimina chai kutoka kwenye birika au kupeana mkono. Wengine husema vitu vinawaponyoka.

Kisha uliza yale yatakayokutoa kwenye njia hii: ganzi au kuchomachoma kwenye vidole, maumivu ya shingo, homa, kuanguka, kiwiko kukwama. Uliza kisukari na vidonda vya tumbo, maana vitaamua dawa. Uliza pia kama ametumia siprofloksasini hivi karibuni, kwa kuwa dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano. Na uliza kama amekwisha kuchuliwa, au kuchomwa sindano ya kiwiko, mara ngapi. Mgonjwa hatalitaja hilo la mwisho asipoulizwa.

Swali la 6. Eleza vipimo vitatu vya mikono vya kuthibitisha ugonjwa. (Alama 6)

Kabla ya vyote, bonyeza kinundu cha nje cha kiwiko na sehemu iliyo mbele yake kidogo. Hapo ndipo penye uchungu. Kisha:

Kipimo cha Cozen. Mgonjwa ananyoosha kiwiko, kiganja kinatazama chini, anakunja ngumi. Anajaribu kuinua ngumi juu huku wewe ukimzuia. Maumivu kwenye kinundu yanathibitisha.

Kipimo cha Maudsley. Mkono uleule, vidole vimenyooka. Mzuie kidole cha kati kisiinuke. Kumbuka Swali la 2: msuli wetu unaishia chini ya kidole hicho.

Kipimo cha Mills. Hapa mgonjwa amelegea, wewe ndiye unayefanya. Geuza kiganja kitazame chini, inamisha kifundo hadi mwisho, kisha nyoosha kiwiko taratibu. Unaivuta kano, nayo italalamika.

Watahiniwa huchanganya Cozen na Mills. Cozen mgonjwa anasukuma, Mills mgonjwa anavutwa.

Nguvu ya kushika ni ya kupimwa pia, na huhitaji chombo cha bei. Kunja mkanda wa mashine ya kupimia presha, ujaze upepo hadi milimita 20 za zebaki, umpe mgonjwa aubane. Linganisha mkono mzima na mbovu, kisha kiwiko kikiwa kimekunjwa na kikiwa kimenyooka. Mgonjwa wetu hupungukiwa nguvu zaidi kinaponyooka. Andika namba hizo kwenye faili. Baada ya wiki sita zitakuambia kama tiba inafanya kazi, bila kutegemea maneno ya "afadhali kidogo".

Swali la 7. Taja magonjwa mengine yanayoweza kukudanganya, na namna ya kuyatofautisha. (Alama 6)

Kubanwa kwa neva ya redio kwenye kigasha ndiko kunakodanganya zaidi. Uchungu wake haupo kwenye kinundu, upo chini yake kwa sentimita 3 hadi 4, ndani ya misuli, na humwamsha mgonjwa usiku. Neva zilizobanwa shingoni, hasa za sita na saba, huleta maumivu yanayoshuka kutoka shingo, pamoja na ganzi ya vidole. Kwa hiyo kila mwenye kiwiko ageuze shingo mbele yako. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni ugonjwa ndugu, kiwiko cha gofu. Kiwiko kinachokwama na kukwaruza kwa mzee kinaelekeza kwenye kuchakaa kwa kiungo. Kiwiko kinachokwama kwa kijana anayerusha mpira kinaelekeza kwenye kipande cha gegedu na mfupa kilicholegea, na huyo apelekwe mbele mapema.

Kiungo chekundu, cha moto, kilichovimba, chenye homa ni dharura. Usimpe mazoezi, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Swali la 8. Vipimo vya mashine vinahitajika lini?

Mara chache. Eksirei ni kwa aliyeanguka, kwa kiwiko kisichonyooka, au kwa asiyepata nafuu baada ya miezi ya tiba nzuri. Ultrasaundi huonyesha kano iliyonenepa au kuchanika, lakini picha mbaya inaweza kuwa ya mtu asiye na maumivu. Ukiandika "eksirei kwa wote" utakatwa alama, na mgonjwa wa kweli atakatwa fedha.

Swali la 9. Panga matibabu ya wiki 12 za mwanzo. (Alama 8)

Hapa watahiniwa huandika "apumzike" na kugeuza ukurasa. Apumzike kwa vipi, fundi wa kulipwa kwa siku? Na hata angeweza, mapumziko kamili huidhoofisha kano. Kinachotakiwa ni kupunguza mzigo unaoumiza na kuongeza mzigo unaojenga.

Kupunguza: abebe ndoo na mizigo kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa kimekunjwa, karibu na mwili. Nguo zitundikwe zikichuruzika, zisikamuliwe. Mshikio wa chombo unenepeshwe kwa kitambaa au mpira ili mkamato usiwe wa kubana sana. Fundi uashi abadilishane na mwenzake, huyu plasta yule kuchanganya zege kwa zamu fupi. Mwanzoni mwa maumivu makali, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 humliwaza.

Mkanda wa kiwiko ufungwe kwenye unene wa msuli, vidole viwili chini ya kinundu, wakati wa kazi tu. Uvuliwe akilala. Vidole vikifa ganzi, umekazwa mno. Mkanda uliofungwa juu ya kinundu chenyewe, kama tunavyouona kila siku, unambana pale panapouma na haumsaidii.

Dawa: jeli ya diklofenaki ya kupaka hupunguza maumivu kwa muda mfupi na haina hatari nyingi. Parasetamoli inafaa. Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vitumike kwa siku chache, na kwa uangalifu mkubwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha au ujauzito. Havijengi kano. Vinamwezesha kufanya mazoezi.

Mazoezi ndiyo uti wa mpango huu. Maumivu yakiwa makali, anza na kukakamaza bila kusogeza: kigasha kimelala mezani, kiganja kikitazama chini kimetokeza ukingoni, mkono wa pili unazuia, anasukuma juu na kushikilia kwa sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano. Maumivu yakipungua, aende kwenye kushusha polepole. Ashike chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ina uzito wa karibu nusu kilo. Ainue kiganja kwa msaada wa mkono mzima, kisha akishushe kwa mkono mbovu peke yake, akihesabu hadi nne. Afanye hivyo mara 10 hadi 15, apumzike, arudie mizunguko mitatu. Akizoea, ahamie chupa ya lita moja. Bega nalo litazamwe, kwa kuwa bega dhaifu hukisukumia kiwiko kazi yake.

Mwambie mgonjwa wazi kwamba mazoezi yatauma kidogo. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya 3 au 4 yanakubalika endapo yametulia ifikapo asubuhi. Yasipotulia, apunguze uzito, asiache. Mgonjwa asiyeambiwa hili ataacha siku ya pili, akiamini anajiumiza, na wewe utaandika kwamba mazoezi yameshindwa.

Swali la 10. Mgonjwa anaomba "ile sindano ya kiwiko". Jadili. (Alama 10)

Sindano anayoitaka ni ya steroidi, na ana sababu ya kuitaka: jirani yake alichomwa akapona ndani ya wiki. Jirani hakusema uongo. Tatizo ni yanayofuata.

Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Smidt waligawa wagonjwa 185 katika makundi matatu: sindano, fiziotherapia, na kusubiri kwa ushauri tu. Baada ya wiki 6, waliofanikiwa walikuwa asilimia 92 kwa sindano, 47 kwa fiziotherapia na 32 kwa kusubiri. Utafiti ungeishia hapo, sote tungechoma sindano. Ulipofika mwaka mmoja, sindano ilishuka hadi asilimia 69, fiziotherapia ikafika 91, na waliosubiri 83. Waliochomwa walikuwa nyuma hata ya wale ambao hawakutibiwa.

Mwaka 2013 Coombes na wenzake wa Australia waliwafuatilia wagonjwa 165. Baada ya mwaka, waliopona au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83 kwa waliopata steroidi na 96 kwa waliopata sindano isiyo na dawa. Ugonjwa uliwarudia asilimia 54 ya waliopata steroidi, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao.

Kwa nini? Maumivu yanapozimwa ghafla, mgonjwa hurudi kwenye kazi ileile na kano ileile dhaifu. Na steroidi yenyewe hupunguza utengenezaji wa kolajeni. Ongeza madhara mengine: ngozi kugeuka nyeupe pale ilipochomwa, doa linaloonekana sana kwenye ngozi yetu, mafuta ya chini ya ngozi kunyauka, sukari kupanda kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, na kano kukatika sindano zikirudiwa.

Mtahini makini atakuuliza zaidi: je, tafiti hizo zinathibitisha kwamba fiziotherapia inaponya? Jibu kwa uaminifu. Kwa Smidt, tofauti kati ya 91 na 83 haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha ubora, na kwa Coombes fiziotherapia haikuongeza uponaji baada ya mwaka. Mazoezi humsaidia mgonjwa katika wiki za mwanzo, yanamrudisha kazini akiwa na nguvu na kumpunguzia haja ya dawa. Uponaji wenyewe kwa sehemu kubwa unaletwa na muda. Sindano inaufuja muda huo.

Hukumu yangu: steroidi isiwe tiba ya kwanza. Ikitolewa kwa sababu maalumu, iwe mara moja, mgonjwa akiwa amekwisha kuambiwa takwimu hizi kwa lugha anayoielewa.

Swali la 11. Toa maoni mafupi kuhusu sindano ya plazma na upasuaji. (Alama 4)

Plazma yenye chembe sahani nyingi hutengenezwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Ina bei kubwa, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2021 yalihitimisha kwamba huenda haina faida ya maana kwa maumivu wala utendaji. Usimshauri mtu auze mbuzi kwa ajili yake. Upasuaji wa kuondoa sehemu mbovu ya kano ni kwa wachache, baada ya miezi 6 hadi 12 ya tiba iliyofuatwa kweli.

Swali la 12. Kisa. Fundi uashi wa miaka 44 ana maumivu ya kiwiko cha kulia kwa miezi miwili. Kikombe cha chai kinamponyoka. Cozen inauma, shingo haina shida, hana ganzi. Amechomwa sindano mara mbili mahali pengine. Kila mara alipata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Anataka ya tatu. Ungefanya nini? (Alama 5)

Taja ugonjwa. Kataa sindano ya tatu kwa heshima, ukieleza kwa nini zile mbili zilirudisha maumivu. Pima nguvu ya kushika na kuiandika. Badilisha namna anavyofanya kazi, bila kumwachisha. Anza na mazoezi ya kukakamaza, kwa sababu kano iliyochomwa mara mbili haitaki kuharakishwa. Mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, kisha wiki sita. Watahiniwa husahau tarehe ya kurudi, nayo ina alama.

Akikuuliza, "Nitapona lini, daktari?", mwambie kwamba watu 8 hadi 9 kati ya 10 hupona ndani ya mwaka bila kisu, na kwamba safari ina siku nzuri na siku mbaya. Usimwahidi wiki mbili ili atoke amefurahi. Na ukishafaulu mtihani huu ukakaa kwenye chumba chako cha matibabu, usimchome sindano mtu yeyote ambaye hujamwuliza mkono wake unafanya kazi gani.